Vijidudu navyo vinangoja kuorumu



Katika ziara yetu moja kwenye vilima vya Kivu, mama mmoja alituletea mfuko wa plastiki uliojaa maganda ya kapsule. Ni zile za rangi mbili ambazo kila mtu anaziita "tetra". Alikuwa ameyatunza maganda yale ili tuone kwamba hakufanya uvivu. Kwa miezi minane alikuwa akifungua kapsule na kuzimwanga ndani ya maji ya kuku zake, tatu kwa bidoni moja. Mara ya kwanza kuku zilihara, akaweka dawa, zikapona. Mara ya pili karibu nusu zilipona. Mara ya tatu alikuwa na kuku makumi sita, akabaki na tisa. Pesa ya kuku zile ilikuwa minervali ya watoto wawili. Akatuuliza kama hakuna dawa ingine ya nguvu zaidi.

Siku ile hatukumjibu vizuri. Makala hii njo jibu letu. Kwa ufupi, kukimbilia kila mara dawa ya nguvu zaidi njo kumetufikisha hapa tulipo. Kwa urefu, itabidi tupite kidogo baharini, halafu ndani ya kiazi kilichooza, halafu ndani ya mkutano mkubwa wa koperativi. Mtuvumilie.

Mbegu ambayo hatukutaka kuchagua

Ninyi wote mnajua kuchagua mbegu. Mwaka wa mvua nyingi, mnaweka pembeni maharagwe ya miche iliyovumilia maji, mnapanda hayo, na baada ya misimu kadhaa shamba lote linavumilia. Antibiotiki inafanya kazi ileile, ila inamchagulia mbegu adui yetu. Ndani ya tumbo la kuku mmoja kuko vijidudu mabilioni na mabilioni. Kati yavyo kuko vichache ambavyo, kwa bahati tu, vina namna ya kuishinda dawa: kimoja kinaitapika nje, kingine kinaikata vipande, kingine kimebadilisha mahali ambapo dawa ingekishika. Ukitia dawa, vilivyo dhaifu vinakufa. Vile vichache vinabaki peke yavyo, chakula chote ni chavyo, nafasi yote ni yavyo. Na kijidudu hakingoji msimu. Kile kinachoitwa koli, cha tumboni, kikipata joto na chakula cha kutosha, kimoja kinakuwa viwili ndani ya dakika 20 tu. Mpigie hesabu mpaka kesho asubuhi.

Dozi ndogo ni mbaya zaidi, kwa maana inaua wadhaifu na kuwafundisha wengine. Hii si habari mpya. Alexander Fleming, Mwingereza aliyevumbua penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alisimama akawaonya watu juu ya jambo hilohilo. Alitoa mfano wa bwana mmoja mwenye maumivu ya koo, anayejinunulia penisilini na kumeza kidogo, isiyotosha kuua vijidudu lakini inayotosha kuvizoeza. Halafu anamwambukiza mke wake. Mke anatibiwa kwa penisilini ileile, haiponyi, anakufa. Ulikuwa mfano tu. Kapsule tatu kwa bidoni njo mfano wenyewe umetembea mpaka kwetu.

Tena vijidudu vinapeana siri. Kimoja kinaweza kumpa jirani yake kipande cha maagizo, kama vile mtu anavyompa mwenzake kikaratasi, hata kama jirani si wa ukoo wake. Njo vile siri iliyozaliwa ndani ya tumbo la kuku inaweza kufika kwenye kidonda cha mtoto. Mwezi wa 11 mwaka 2015, watafiti wa China walitangaza kwamba wameona kikaratasi cha namna hiyo ndani ya nguruwe, ndani ya nyama ya kuuzwa na ndani ya wagonjwa wa hospitali. Kilikuwa kinavunja nguvu ya kolistini, dawa ambayo waganga wanaitunza kwa mgonjwa ambaye dawa zingine zote zimemshinda. Wafugaji kule walikuwa wakiitia ndani ya chakula cha nguruwe ili zinenepe haraka. China ikakataza jambo hilo mwaka 2017. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikwisha kukataza antibiotiki za kunenepesha tangu 2006. Kwa ulimwengu mzima, hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika mwaka 2019 pekee watu karibu milioni 1,27 walikufa moja kwa moja juu ya vijidudu vilivyozoea dawa. Sisi wa Afrika ya kusini ya Sahara njo tulilipa bei kubwa kuliko wengine.

Kwa hiyo kuko watafiti waliojiuliza: kwani lazima kuua? Hakuna njia ya kumfanya adui akae kimya tu, asidhuru, huku tukimwacha hai?

Ngisi mdogo anayewaka usiku

Sasa twende baharini. Huko Hawaii, ndani ya maji yasiyo na kina kirefu, kuko nyama mdogo anayeitwa ngisi: laini, hana mifupa, ana mikono mingi, na yule wa huko analingana na kidole gumba chako. Usiku anatoka kuwinda. Shida yake ni kwamba mwezi ukiwaka, samaki aliye chini yake anaona kivuli chake na kumkamata. Ngisi huyo ana kifuko tumboni ambamo anafuga vijidudu vinavyotoa mwanga. Vikiwaka, tumbo lake linafanana na mwanga wa mwezi, kivuli kinapotea. Asubuhi anavitapika karibu vyote, sehemu 95 kwa 100, halafu mchana vinaongezeka tena.

Kilichowashangaza watu ni kwamba kijidudu hicho kikiwa peke yake baharini hakiwaki kabisa. Mwaka 1970, Kenneth Nealson na J. Woodland Hastings wa Marekani walivipanda ndani ya chupa ya supu, wakaona vinaongezeka saa kwa saa bila mwanga wowote. Vilipokuwa vingi sana, chupa nzima ikawaka kwa mara moja. Wakasema kwamba kila kijidudu kinatoa kitu fulani ndani ya maji, na kitu hicho kikijaa, vyote vinajua kwamba sasa tumefika wengi. Watu wengi hawakuwasadiki. Kijidudu kiseme? Miaka ikapita, kitu chenyewe kikapatikana, na wengine wakaona vijidudu vya aina nyingi, vya udongo, vya mimea, vya wanyama na vya watu, vinafanya vilevile. Bonnie Bassler, pia wa Marekani, ni mmoja wa waliofanya jambo hili lijulikane ulimwenguni.

Fikirini moshi wa jikoni. Nyumba moja ikipika peke yake juu ya kilima, upepo unachukua moshi, hakuna anayejua. Nyumba zote za kijiji zikipika, moshi unafunika bonde, na kila mtu anajua, hata bila kutoka nje, kwamba jirani wako nyumbani. Vijidudu vinahesabiana kwa moshi wa namna hiyo. Mwaka 1994 wanasayansi walitafuta jina la jambo hili, wakachukua neno ambalo ninyi wanamemba mnalijua kuliko wao: kuorumu. Sawa vile statuti zenu zinavyosema kwamba mkutano mkubwa hauwezi kukata shauri kabla wanamemba wa kutosha hawajaingia, vijidudu navyo havikati shauri la kushambulia kabla kuorumu haijatimia. (Tofauti ni kwamba vyenyewe havichelewi kwa masaa matatu.)

Kiazi kinachooza

Kwa nini vingoje? Jibu liko ndani ya kiloba cha viazi vya kizungu. Wale wa Lubero na Masisi wanajua ule ugonjwa ambao kiazi kinakuwa uji, kinanuka, maji yake yanachuruzika na kuambukiza kiloba kizima. Kijidudu kinachofanya hivyo kinaitwa Pectobacterium. Silaha yake ni maji makali yanayoyeyusha kuta ambazo zinashikilia mwili wa kiazi. Lakini kiazi si mjinga. Kikisikia kuta zake zinaguswa, kinaamsha ulinzi wake. Kama vijidudu kumi vingeanza kumwaga maji makali, kiazi kingeamka na kuvimaliza. Kwa hiyo vinaingia kimya kupitia kidonda cha jembe, vinakula kidogo, vinaongezeka, vinatoa ule moshi wao. Siku moshi umejaa, vyote vinamwaga silaha kwa pamoja. Kiazi kinapoamka, kimekwisha kuwa uji. Njo maana jioni unaona kiazi kizuri, na baada ya siku mbili unakuta maji tu.

Watafiti walichukua vijidudu hivyo na kuviharibia ulimi, yaani vikaishi lakini visiweze kutoa ujumbe. Vikawekwa juu ya mmea, havikuozesha. Vilikuwa hai, vilikuwa vingi, lakini kila kimoja kilidhani kiko peke yake.

Halafu ikaja habari ambayo sisi tunaipenda kuliko zote, kwa sababu ilitoka ndani ya udongo. Mwaka 2000, kikundi cha Lian-Hui Zhang huko Singapore kilipata ndani ya udongo kijidudu kingine, cha ukoo wa Bacillus, ambacho kinakata ujumbe wa jirani zake. Kina kitu sawa na mkasi: kinakata ule ujumbe, nao haueleweki tena. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba viazi na tumbako vilivyopewa mkasi huo ndani ya mwili wao vilivumilia ule uozo. Huko Ufaransa nako, watafiti walitafuta ndani ya shamba la viazi vijidudu vingine vinavyokula ujumbe huo kama chakula, wakatafuta pia namna ya kuvilisha ili viongezeke karibu na mizizi. Maana yake ni kwamba ndani ya udongo hai, wenye mboji na wakaaji wengi, kuko wanaovuruga mikutano ya adui bila sisi kuwatuma.

Kuna njia zingine. Mwani mwekundu wa bahari ya Australia, unaoitwa Delisea pulchra, hauoti utelezi juu ya majani yake kama mimea mingine ya bahari. Katika miaka ya 1990 watu walichunguza sababu, wakaona unatoa kitu kinachoitwa furanoni. Furanoni haikati ujumbe. Inaziba masikio: ujumbe unafika mlangoni lakini haupokelewi.

Kwa nini adui asizoee na hii?

Swali hili tuliulizwa na mzee mmoja, na ni swali la mtu aliyefuga kweli. Kama vimezoea tetra, vitashindwaje kuzoea mkasi?

Tuchukue mfano wa barabara. Wanamemba wote wamekaa nyumbani, hakuna aliyesikia mwito wa salongo. Mmoja peke yake amesikia, anachukua jembe, anakwenda kuziba mashimo. Anachoka yeye, lakini barabara anapita kila mtu. Mwisho wa mwezi yeye ndiye aliyekonda. Kijidudu kilichojifunza kusikia tena, kati ya wenzake waliozibwa masikio, kiko katika hali ya mtu huyo. Kinamwaga maji makali peke yake, hayatoshi kuangusha kiazi, na kidogo kinachopatikana wanakula wote. Hakipati faida ya kuzaa kuliko wenzake, kwa hiyo mbegu yake haijazi shamba. Kwa tetra ni kinyume kabisa: anayevumilia anaishi, wengine wote wanakufa, shamba linabaki lake.

Hiyo njo nguvu ya wazo hili. Lakini tusiwadanganye. Hoja ya barabara inashika tu pale ambapo faida ni ya wote. Kama kusikia kunampa kijidudu chakula chake binafsi, anayesikia anashinda. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba kijidudu kimoja cha vidonda na mapafu, Pseudomonas, kinaweza kujifunza kuisukuma nje furanoni, sawa vile kinavyosukuma antibiotiki. Mazoea yanaweza kuja polepole zaidi, lakini yanaweza kuja.

Kuko na shida zingine mbili. Ya kwanza inawahusu wenye ng'ombe wa maziwa. Kijidudu kimoja kinachovimbisha kiwele, stafilokoko, nacho kinahesabiana. Kikiwa kichache kinashikamana na mwili; kikiwa kingi kinaachia na kumwaga sumu. Ukikiziba masikio, sumu inapungua, sawa, lakini kinaweza kuendelea kushikamana na kujenga utelezi mnene zaidi. Umezima moto, umebakiza makaa chini ya majivu. Ya pili inatuhusu sisi wote wa maharagwe. Ng'oeni mche taratibu mtazame vile vinundu vya mizizi: ndani yake kuko vijidudu rafiki vinavyoshika mbolea kutoka hewani na kuipa maharagwe. Navyo vinasemezana ili kufanya kazi hiyo. Dawa inayoziba masikio ya kila mtu shambani ingeziba na ya rafiki.

Kwa sababu hizo, mpaka leo hakuna dawa ya namna hii ya kununua kwenye farmasi ya veterineri kwetu. Akija mtu sokoni na chupa akisema inakata mazungumzo ya mikrobe, mwambieni asante na mfunge mfuko. Tunajua pia kwamba baada ya makala hii mtu atauliza juu ya kitunguu saumu. Ni kweli, mwaka 2012 watafiti wa Denmark walionyesha kwamba kitu kimoja cha kitunguu saumu, kinachoitwa ajoeni, kinapunguza mazungumzo ya Pseudomonas ndani ya maabara. Lakini walikitenga na kukipima. Vitunguu viwili vilivyopondwa ndani ya bidoni si kipimo, na hatuna haki ya kuwaambia kwamba vinaponya kuku. Vikitiwa juu ya mboga ya nyumbani, hatubishi.

Basi tunafanya nini sasa

Ukijua kwamba adui anangoja kuorumu, unaelewa upya kazi nyingi ambazo wazee walizifanya bila kuambiwa sababu. Hatusemi kila moja imepimwa kwa hesabu ya mazungumzo ya vijidudu. Tunasema kwamba zote zinavipunguza wingi, na kijidudu kichache ni kijidudu chenye subira.

Anzeni na chombo cha maji ya kuku. Pitisheni kidole ndani, kwenye ukingo wa chini. Kama kinateleza, huo utelezi si uchafu wa kawaida. Ni nyumba. Vijidudu vinaijenga kwa pamoja, vikijificha ndani yake, na humo dawa inavifikia kwa shida sana, hata vile ambavyo havijazoea. Mama wa kapsule alikuwa na bidoni ya namna hiyo, iliyokatwa ubavuni, haijasuguliwa tangu alipoinunua. Kila siku alikuwa akitia dawa juu ya ngome. Kumwaga maji na kujaza mengine hakutoshi. Lazima kusugua kwa brashi au majani makavu na sabuni, kusuuza, na kuacha chombo kikauke kwenye jua kabla ya kukijaza. Mwenye vyombo viwili anabadilisha: kimoja kinatumika, kingine kinakauka.

Kwa viazi, kazi kubwa iko siku ya kuvuna. Kila kidonda cha jembe ni mlango. Chimbeni wakati udongo umekauka kiasi, msivioshe kabla ya kuvitunza, na vilivyokatwa vipikwe kwanza, visiingie ghalani. Kiloba kilichofungwa sana, chenye joto na unyevu bila hewa, kinatimiza kuorumu haraka kuliko kitu chochote. Pangeni safu nyembamba, hewa ipite, na pitieni kila juma kuondoa kinacholainika pamoja na vile vilivyogusana nacho.

Kwa ndizi, ule mnyauko uliotusumbua katika Kivu tangu mwanzo wa miaka ya 2000 unatoka kwa ukoo wa Xanthomonas, ukoo ambao nao una lugha yake. Hapa mnajua kazi: kuvunja ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, kukata shina linaloumwa karibu na ardhi mara tu dalili zinapoonekana, kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba unaofuata. Wengi wanafanya mambo mawili ya kwanza na kusahau moto. Panga lisilopita motoni linabeba mkutano mzima kwenda kwa jirani.

Kwa maziwa, ng'ombe mwenye kiwele kibovu akamuliwe wa mwisho, na mikono ioshwe. Akipewa antibiotiki, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa wala kupewa ndama mpaka siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa ziishe. Tunajua hiyo ni hasara ya kila asubuhi. Vilevile mayai ya kuku zinazonyweshwa dawa. Mwenye mayai akiyapeleka sokoni siku hizo, anauza dozi ndogo kwa watoto wa watu.

Na antibiotiki zenyewe? Zitumike. Sisi hatusemi nyama aachwe afe. Zitumike pale veterineri au enfirmie wa mifugo amesema ni bakteria, kwa kipimo cha uzito, kwa siku zote zilizoandikwa, na zisiwe kapsule za watu. Hakuna kuziweka ndani ya maji ya kuku zisizoumwa "ili zisiumwe". Kinga ya namna hiyo njo shule ya vijidudu.

Turudi kwa mama yule. Tulimwomba veterineri wa eneo aje atazame kuku mbili zilizokuwa zimekufa asubuhi ileile. Akauliza juu ya zingine: shingo zilikuwa zimepinda? Zilihara kijani? Ndiyo, na ndiyo. Akasema kwamba kwa maoni yake mara ya tatu haikuwa kuhara kwa kawaida. Ilikuwa Newcastle, kile ambacho majirani wa mashariki wanaita kideri. Newcastle ni virusi. Antibiotiki haiui virusi, hata dozi ikiwa nzuri, hata kapsule ikiwa ya kweli. Kwa hiyo sehemu ya maganda yale ndani ya mfuko yalikuwa yamefanya kazi moja tu: kuchagua mbegu mbaya ndani ya tumbo la kuku zilizokuwa zikifa kwa jambo lingine.

Chanjo ya Newcastle iko. Ile ya matone ndani ya jicho inavumilia joto kidogo kuliko zingine, na inarudiwa karibu kila miezi minne. Inapewa kuku zilizo wazima. Ugonjwa ukiisha kuingia imechelewa. Kinachowashinda wengi si bei yake. Kichupa kimoja kina matone ya kuku nyingi, kuliko zile za nyumba moja, na kikifunguliwa hakitunziki mpaka mwezi ujao. Mtu mmoja mwenye kuku kumi na mbili hanunui kichupa cha kuku mia mbili. Koperativi ya mama yule imekubaliana siku moja, nyumba zote pamoja, kila mwenye kuku anatoa faranga kwa hesabu ya vichwa, na vijana wawili wamefundishwa kutia tone. Wanafanya asubuhi mapema kabla kuku hazijatoka. Yeye ameanza tena na zile tisa.